Uso wa Ukutani na Uso wa Ndugu



Mwaka 1939, na tena mwaka 1945, mchoraji mmoja wa Afrika Kusini, Bibi Irma Stern, alifika Unguja. Kazi yake kubwa huko ilikuwa kuchora nyuso za watu, wazee kwa vijana, naye alizitazama kwa makini na kwa heshima. Picha kadhaa alizitia fremu za mbao za nakshi zilizotoka katika milango ya Unguja. Moja ya picha hizo, ya mzee wa Kiarabu, aliyoichora mwaka 1945, iliuzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Lakini nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1926 aliolewa na Johannes Prinz, aliyewahi kuwa mwalimu wake. Mwaka 1934 wakaachana. Hakuolewa tena. Waliomjua wamesimulia ukali wake, na upweke wake pia.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu, aliyefariki mwaka 1966. Twasema kwa sababu tumejiona wenyewe. Chuoni tuliwafundisha walimu kwamba juma la kwanza lisipite kabla hawajajua uso na jina la kila mtoto, na sisi wenyewe tulisifiwa kwa hilo. Lakini sebuleni kwetu hapa Upanga ipo picha ya mdogo wetu, tumbo moja. Kila Jumamosi tunaifuta vumbi. Mwenyewe anakaa Kariakoo, mwendo wa miguu tu. Na tangu ugomvi wa kiwanja cha marehemu baba, miaka sita sasa, hatujapiga hodi kwake.

Picha haidai kitu. Haijibu, wala haikumbushi maneno tuliyoyasema kwa hasira. Ndiyo maana ni rahisi kuipenda.

Someni Mwanzo 33. Yakobo alikuwa amemdanganya kaka yake, akakimbia, akakaa ugenini miaka mingi. Siku ya kurudi alitetemeka, maana Esau alikuja na watu 400. Esau akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Ndipo Yakobo alipokiri kwamba kuuona uso wa kaka yake kulikuwa kama kuuona uso wa Mungu. Tazameni basi: ni uso wa mtu yule yule aliyemkosea.

Jumapili tunapoambiwa tupeane amani, wengi wetu tunageukia upande usio na mgomvi. Lakini Bwana alituagiza tuiache sadaka yetu mbele ya madhabahu, twende kwanza tukapatane na ndugu.

Basi tumeazimia kwenda Kariakoo kabla ya Ekaristi ijayo. Hatujui tutapokewaje. Tuombeeni. Nanyi mlio na mlango kama huo, msingoje wenyewe waje. Nendeni mkapige hodi.

Amina.