Kuku na Mwewe

Mtaani kwetu yuko mzee ambaye kila alipotuona wavulana na wasichana tunatoka shule pamoja, alitikisa kichwa: "Kuku na mwewe hawalazwi banda moja." Nilimpa shikamoo yake, nikapita zangu. Leo nataka kumjibu.

Nilisoma shule ya mchanganyiko. Mwaka 2018, kidato cha tatu, niliketi dawati moja na msichana aliyenishinda hesabu kila mtihani. Mwanzoni niliona soo: mimi nifundishwe na demu? Baadaye nikajishusha, nikamwomba anieleweshe. Aibu ile ilipotoka, ujinga mwingi ulitoka nayo.

Kisha akapata mimba, akafukuzwa. Jamaa mwenyewe, ambaye darasa zima tulimjua, alibaki dawati la nyuma mpaka akafanya mtihani wa kidato cha nne. Hakuna aliyesema neno. Hata mimi. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Kwake ilikuwa imechelewa.

Watu wakasema: unaona? Wangetenganishwa yasingetokea. Haya, twende Dar es Salaam. Azania ni ya wavulana, Jangwani ya wasichana, nazo ni majirani. Jioni wote wanagombea daladala zilezile. Ukuta hutenga madarasa, hautengi maisha.

Sikatai, wapo dada zetu wanaopumua vizuri zaidi kwenye shule ya wasichana watupu, ambako hakuna wa kumzomea anayenyoosha mkono. Lakini hapo kesi ni ya wazomeaji. Wao nani atawafundisha, na wapi?

Siku ile shule ilitufundisha somo lisilokuwamo kwenye ratiba: kwamba kosa la wawili hubebwa na mmoja. Shule ya wavulana watupu ingeweza kutufundisha hilohilo, tena bila kumwona anayelipa. Mimi nilimwona. Alitoka na begi lake, akapita mbele ya dirisha letu, nami nikainamia daftari. Dawati lile tupu ndilo linaloniandikisha maneno haya.

Basi mzee wangu, shikamoo tena. Mwewe huzaliwa mwewe, hana wa kumlaumu. Mvulana hulelewa. Ukiniita mwewe, umenisamehe kabla sijakosa, na bili umempelekea kuku.