Basi Moja, Abiria wa Aina Mbili

Jumatatu asubuhi nilipanda basi la kutoka Garissa kwenda Nairobi. Tulipovuka daraja la mto Tana tukasimamishwa kwenye kizuizi, kama kawaida. Askari akaingia, akapita katikati ya viti akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mama. Waliooneshwa kidole wakashuka, vitambulisho mkononi, wakapanga foleni juani. Wote walikuwa Wasomali. Sisi wa bara tukaachwa vitini. Kipande changu kilikuwa mfukoni na hakuna aliyekiulizia.

Mama mzee aliyekaa kando yangu alikuwa na mguu uliovimba, akashushwa na mjukuu wake hatua kwa hatua. Hapo ndipo abiria mmoja nyuma yangu, Biblia mapajani, aliposema bila kupunguza sauti, "Wacha wakaguliwe bwana, si wanajuana wenyewe." Wawili watatu wakaitikia kwamba ni kweli. Maneno hayo yamenikaa kooni tangu siku hiyo, kwa sababu aliyeyatamka ni ndugu yangu katika imani.

Najua angenijibu nini. Angeniuliza kama nimesahau Aprili 2, 2015. Sijasahau, na hapa Garissa hakuna Mkristo anayeweza. Watu 148 waliuawa katika chuo kikuu chetu, wengi wao wanafunzi waliotenganishwa na wenzao kwa dini kabla ya kupigwa risasi. Sijasahau Julai 1, 2012, kanisa la AIC la mji huu liliposhambuliwa watu wakiwa katika ibada. Wala sijasahau basi la Mandera la Novemba 2014, abiria 28 waliouawa, walimu wengi wakiwamo waliokuwa wanakwenda kwao kwa Krismasi. Machozi hayo ni yetu na hatuna deni la kuyaficha.

Lakini huyo ndugu yangu na akumbuke pia basi la Desemba 21, 2015, karibu na El Wak. Wauaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Kina mama walikuwa wamewavika wenzao Wakristo hijabu, na abiria wakawaambia wenye bunduki kwamba wakiua, waue wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, akafariki dunia Januari 2016. Watu wale walijua gharama, wakakataa kutenganishwa nasi.

Basi letu la Jumatatu halikuwa na mwenye bunduki wa kuniua kama ningenyanyuka. Ningeshuka na mimi, nikapanga foleni na kitambulisho changu, hasara yangu ingekuwa jasho tu. Kama Wakristo wote waliomo wangeshuka, askari angelazimika kutukagua sote au asimkague yeyote. Sioni sababu ya Kikristo ya kubaki kitini, na nimeitafuta.

Kuna wanaodhani ukaguzi huu ulizaliwa na mashambulizi hayo ya al-Shabaab. Hao hawajasikiliza majirani zao. Msomali wa Garissa alianza kutazamwa kama mgeni nchini mwake zamani, tangu vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga na Kenya, miaka ya sitini. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huku wakati wa vita hivyo. Bulla Karatasi, mtaa wa mji huu huu, uliteketezwa Novemba 1980. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, wakavuliwa nguo na kuwekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika karibu 1,000. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, peke yao, walichujwa na kupewa kadi maalumu ya kuthibitisha uraia. Mama yule mwenye mguu uliovimba ameishi katika yote hayo.

Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa dhuluma za zamani Machi 26, 2015, akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10. Wiki moja baadaye chuo kikuu kikavamiwa. Radhi ile ikazikwa chini ya msiba mpya, na waathiriwa wakaachwa wakiingojea hazina mwaka baada ya mwaka. Na Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza Wajir kwamba upekuzi wa ziada wa wanaoomba vitambulisho umefutwa, nilisikia waumini wenzangu wakinung'unika. Nabii Yeremia aliwakemea makuhani waliotibu kidonda cha watu juu juu huku wakitangaza amani isiyokuwapo. Sisi hata kukifunua kidonda tunaona taabu.

Ni kweli pia kwamba wapo Wasomali wanaotuita nywele ngumu na kututazama kama uzao wa watumwa. Hiyo nayo ni dhambi, na masheikh wana kazi yao ya kuikemea. Lakini Kristo hakutufundisha kungoja mwenzetu atubu kwanza.

Nitaambiwa kanisa lisijiingize katika siasa. Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Italia aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliwahudumia majeruhi wa Wagalla na kusaidia kuzika maiti, na hakunyamaza. Ikamlazimu kuondoka Kenya. Akaendelea kuwatibu Wasomali mpaka alipouawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003. Sijui ni nani angethubutu kumwambia kwamba ile haikuwa kazi ya Injili.

Kila Aprili 2 tunawaombea vijana wetu waliouawa chuoni, na lazima tuendelee. Sasa Februari 10, siku ambayo msako wa Wagalla ulianza, nayo iingie katika kalenda ya maombi ya kila kanisa la Garissa, Wajir na Mandera, na hata ya Nairobi. Wazee walionusurika waalikwe, wapewe nafasi ya kusema kwa lugha yao, na mchungaji siku hiyo aketi na waumini asikilize. Kama mzee mmoja ataondoka akiwa na hasira nasi, tumwalike tena mwaka unaofuata.