Askari Asiye na Jina

Ukiwa Kanzenze, kwenye vilima vya Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, mawingu yakipanda unauona Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Mapema mwaka 1991 wapiganaji wa RPA, jeshi la waasi lililoundwa na wakimbizi wa Rwanda, walijichimbia katika safu hiyo ya volkeno. Wengi walikuwa vijana waliozaliwa ukimbizini Uganda, na nchi waliyoipigania waliijua kwa masimulizi ya wazazi wao tu. Baadhi yao baridi iliwaua kabla ya risasi.

Walikuwa wamevuka mpaka tarehe 1 Oktoba 1990, pale Kagitumba, wakiongozwa na Fred Gisa Rwigema. Huyu alikwisha kupigana vita vya kumng'oa Idi Amin, akapigana msituni pamoja na Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, hata akawa naibu waziri wa ulinzi wa Uganda. Kesho yake, Oktoba 2, aliuawa. Umri wake ulikuwa miaka 33.

Rwanda imewapanga mashujaa wake kwa madaraja, na la juu kabisa ni Imanzi. Rwigema yumo. Pamoja naye yumo Askari Asiyejulikana, anayewakilisha wote waliokufa wakipigania nchi. Jenerali na kuruta wamewekwa daraja moja, na Februari 1 ya kila mwaka, Siku ya Mashujaa, wanakumbukwa pamoja katika makaburi ya Remera, Kigali.

Naona haki kubwa katika jambo hilo. Nishani huhitaji shahidi: mtu aliyeona tendo, akabaki hai, akalisimulia kwa wakubwa. Je, yule aliyekufa usiku pamoja na wenzake wote, nani atamsemea? Taifa likiwaheshimu walioonekana peke yao, litakuwa limelipa nusu ya deni. Kwa kumpa asiye na jina heshima ileile ya kamanda wake, Rwanda imekiri kwamba uhai wa kijana hauna cheo.

Lakini hapa Rubavu kumbukumbu haiji kirahisi. Ziko nyumba ambazo wana wao walikufa wakiwa katika jeshi lililopigana na RPA, na wengine walikufa mwaka 1997 na 1998, vita vya abacengezi, yaani waasi waliojipenyeza nchini, vilipowasha tena moto kwenye vilima hivi. Mama hazuiwi kumlilia mwanawe, awe alivaa sare ipi. Kilio ni haki ya kila mzazi. Heshima ya taifa ina kipimo kingine, na kipimo hicho hakiwezi kuwa kutoogopa kufa, maana hata muuaji anaweza asiogope kifo. Tuulize juu ya kila aliyekufa: ni nani aliyepona kwa sababu yake, au ni nani ambaye yeye alikataa kumwacha?

Mjini Gisenyi, Félicité Niyitegeka alilijibu swali hilo bila bunduki. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, aliwahifadhi waliokuwa wakiwindwa. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alitaka kumwokoa yeye. Akakataa kuondoka na kuwaacha wenzake. Aliuawa Aprili 21, na leo ni shujaa wa Imena, daraja linalofuata Imanzi.

Ndiyo maana tunapowasimulia watoto habari za askari kijana aliyekufa vitani, tusiifanye vita kuwa tamu. Tuwaambie kwamba naye alipenda kuishi, alisikia baridi na njaa, na pengine aliogopa, ila kulikuwa na watu aliowaona wana thamani kuliko usalama wake. Kijana atakayekataa kumbagua jirani yake, hata pale kubagua kunapompa faida, atakuwa amemkumbuka askari huyo vizuri kuliko anayemsifu kwa maneno siku moja ya Februari.