Nani Apime Maumivu ya Mgonjwa?

Je, ni haki kumpa aliyepasuliwa dawa hafifu kwa kuogopa kwamba dawa kali itamfanya mraibu?

Hapa Uganda swali hili lina historia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993, ilionyesha kwamba morfini ya kunywa inaweza kumfikia mgonjwa hata nyumbani. Mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waliruhusiwa kisheria kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Lakini waliolengwa zaidi walikuwa wenye saratani na UKIMWI. Aliyepasuliwa, kwa kuwa atapona, mara nyingi huambiwa ajikaze. Dada yangu alipojifungua kwa upasuaji aliulizwa mbona wenzake wametulia.

Tuzitazame dawa zenyewe. Tramadoli haibanwi na mikataba ya kimataifa kama morfini, basi hupatikana kwa urahisi. Ila sehemu kubwa ya nguvu yake hutokana na ini kuigeuza, na maini hayafanani: kipimo kilekile humtuliza huyu, yule asipate nafuu. Kodeini nayo ni hivyo hivyo. Pethidini huisha haraka, na ikirudiwarudiwa mabaki yake mwilini yanaweza kuleta degedege. Morfini haina kasoro hizo, na ni ya bei nafuu.

Wenzangu hunitajia Marekani na vidonge vya OxyContin, vilivyoingia sokoni mwaka 1996. Maafa yale ni ya kweli. Lakini vidonge vya kumeza nyumbani kwa miezi si sawa na siku mbili tatu za wodini.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni jingine: morfini ikizidi hupunguza kasi ya kupumua. Usiku, muuguzi mmoja akiwa na vitanda thelathini, kuiogopa si ujinga. Nakubali kabisa. Ila basi tuseme kweli: tumempa mgonjwa tramadoli kwa sababu wauguzi ni wachache, wala si kwa kumkinga na uraibu. Sababu ya kwanza inamhoji anayepanga bajeti. Ya pili inamshuku mgonjwa, tena akiwa hawezi hata kuketi ajitetee. Na mgonjwa aliyeambiwa sababu ya kweli anaweza angalau kuomba kitanda kilicho karibu na meza ya muuguzi, na ndugu wa kukesha naye, amwite muuguzi pumzi zikipungua.