Mirathi Isiyopelekwa kwa Kadhi

 

Tumeulizwa katika darsa yetu suali ambalo twaona jawabu yake haifai kubaki baina ya watu wawili. Muulizaji amefiwa na ndugu yake wa tumbo moja kwa saratani ya utumbo mpana, naye marehemu hakutimia miaka 45. Kabla yake baba yao alikufa kwa maradhi yaliyoitwa "tumbo" tu, wala hapana aliyeuliza ni tumbo la namna gani. Madaktari wamewaeleza ya kuwa huenda maradhi haya yakawa ni ya ukoo, na kwamba jamaa wa karibu wapimwe. Lakini wakubwa wa nyumba wamekataza neno hilo lisitoke chumbani. Wasema maiti asitiriwe; na mabinti waliobaki wasije wakakosa wachumba; na tena, ajali haina kinga. Muulizaji ataka kujua: kunyamaza huku ni sitara yenye thawabu, au ni dhambi?

Sisi twasema, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi: kunyamaza huku ni kuzuia haki ya watu.

Tutazame desturi yetu. Mtu akifa akaacha nyumba Mji wa Kale au shamba la minazi Kisauni, hazipiti siku nyingi kabla warithi kuulizana. Jamaa walioko Maskati hupigiwa simu, na walioko London hutumiwa karatasi watie sahihi. Mke ajua thumni yake, na mama ajua sudusi yake. Na lau mmoja angefichwa fungu lake, angekwenda kwa kadhi, na mji wote ungesema kuwa amedhulumiwa. Basi maradhi yanayotembea na damu nayo ni mirathi. Marehemu ameyaacha kama alivyoacha nyumba, na wenye kuyarithi wana haki ya kuambiwa. Bali haki yao hii ina haraka zaidi, kwani nyumba yaweza kungoja mwaka, na uvimbe haungoji.

Ila ugawaji wake si ule tuusomao katika ilimu ya faraidhi. Katika mali mwana wa kiume hupata mafungu mawili ya binti, na mtoto wa binti hayumo katika wenye mafungu. Katika maradhi haya mwana na binti wako sawasawa, na mtoto wa binti ni sawa na mtoto wa mwana. Hapana ahajibiwaye. Yaweza kutoka kuumeni na yaweza kutoka kukeni, na mwenye kusema "haya ni ya upande wa mama yangu, hayanihusu" amekosea hesabu.

Wala mtu asidhani kuwa maneno haya ya urithi wa damu ni mageni katika dini. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kisa cha bedui aliyemjia Mtume, s.a.w., akiwa na shaka juu ya mkewe, kwa sababu amezaa mtoto ambaye rangi yake haikufanana na ya baba. Mtume akamwuliza juu ya ngamia zake na rangi zao, na kama yumo miongoni mwao mwenye rangi mbali na wenziwe. Bedui akakiri kuwa yumo, na alipoulizwa ametoka wapi, akajibu kuwa huenda ni asili ya zamani iliyomvuta. Mtume akamfahamisha kuwa na mtoto wake huenda ni hivyo hivyo. Basi jambo kujificha katika kizazi kimoja na kutokea katika kingine, Waislamu walilisikia kwa Mtume wao kabla ya kuweko maabara.

Na sasa tueleze maradhi yenyewe, ili asiyejua ajue. Saratani nyingi za utumbo mpana si za ukoo. Humpata mtu ambaye jamaa zake wote ni wazima. Lakini ziko nyumba ambazo jeni yenye kasoro hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Aina ijulikanayo zaidi yaitwa maradhi ya Lynch. Kila mtoto wa mwenye jeni hiyo ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi. Mwenye kuirithi si lazima augue. Lakini katika aina zake kali, hatari ya saratani ya utumbo katika umri wake hufika karibu na nusu, na mara nyingi huja kabla ya miaka 50. Kwa wanawake hugusa na tumbo la uzazi. Iko na aina nyingine ambayo vijinyama kwa mamia huota ndani ya utumbo tangu ujana, na asipotibiwa, karibu kila aliye nayo huishia katika saratani.

Na ilimu hii imetoka wapi? Imetoka katika kinywa cha mwanamke aliyesema. Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor huko Marekani, daktari Aldred Warthin alimwona mshonaji wake amejaa huzuni, akamwuliza sababu. Akamwambia kuwa atakufa mapema kwa saratani, kwani ndivyo walivyokufa wengi wa jamaa zake. Naye kweli alikufa kwa saratani ya tumbo la uzazi. Daktari hakuyadharau maneno yale. Aliufuatia ukoo ule, akaandika habari zake mwaka 1913. Mwaka 1966 daktari Henry Lynch akaandika juu ya koo nyingine kama huo, na kuanzia mwaka 1993 wataalamu wakaanza kuzitambua jeni zenyewe. Fikirini, ndugu zetu: mwanamke mmoja hakuona haya kutaja misiba ya kwao, na leo watu wa mataifa yote wanufaika. Nasi twaficha maradhi ya baba hata kwa mtoto wake wa kumzaa!

Yangekuwa maradhi haya hayana la kufanywa, tungeweza kumsamehe mwenye kunyamaza. Lakini liko la kufanywa. Saratani ya utumbo aghalabu huanza kwa kijinyama kidogo kisichouma, na huchukua miaka kabla ya kugeuka. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kwa njia ya haja kubwa, akautazama utumbo wote, na akikuta kijinyama hukikata papo hapo. Kipimo hiki chapatikana katika hospitali kubwa za Mombasa na Nairobi. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepatwa na saratani hii kabla ya uzee, kanuni itumiwayo na madaktari wengi ni kuanza kupimwa afikapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao jamaa yake, kwa lile litanguliapo. Basi aliyefiwa na ndugu aliyegunduliwa na miaka 44, yeye aanze na miaka 34. Na wenye maradhi ya Lynch huanza mapema zaidi, wengi katika miaka ya ishirini, na hurejea kila mwaka au miaka miwili, kwa kuwa kwao kijinyama hugeuka upesi.

Sasa, mtu wa miaka 34 asiyeumwa na kitu atajuaje kuwa siku yake ya kupimwa imefika, ikiwa ameambiwa kuwa nduguye alikufa kwa vidonda vya tumbo? Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo. Uwongo ule wa heshima wamnyima kile kipimo kimoja.

Turejee kwenye nyudhuru tatu za wakubwa wa nyumba.

Udhuru wa kwanza ni sitara. Ni kweli kuwa kumsitiri Mwislamu ni jambo kubwa, na aibu za maiti hazitangazwi. Lakini maradhi si aibu. Nabii Ayub, a.s., aliugua, na Mwenyezi Mungu amemsifu katika Kitabu chake kwa subira yake. Na hata lingekuwa ni jambo ambalo mwenyewe hapendi litajwe, wanavyuoni wamefafanua lini kumtaja mtu kunajuzu. Imamu Nawawi katika Riyadhu Ssalihin ameweka miongoni mwa hayo kuwahadharisha Waislamu na kuwanasihi. Na dalili yao ni kisa cha Fatima binti Qays, aliyekuja kumtaka Mtume shauri juu ya watu wawili waliomposa, naye akamwambia wazi la kila mmoja. Tamim ad-Dari naye amepokea kwa Mtume kuwa dini ni nasaha. Nasaha humwendea anayehusika, kwa kiasi cha haja, kwa kutaka kheri yake. Umbea humwendea kila mwenye sikio.

Udhuru wa pili ni ndoa, na huu ndio wenye nguvu katika miji yetu, ijapokuwa watu hawausemi kwa sauti. Waogopa kuitwa "nyumba yenye jambo". Twawaambia: hamkutakiwa mpige mbiu barazani. Mliotakiwa kuwaambia ni wenye damu moja nanyi. Na mchumba akiuliza, au mambo yakifika mahali pa kufunga ndoa, basi ukweli ni bora kuliko kumwingiza mtoto wa watu nyumbani kwa hila. Binti aliyepimwa, akajua hali yake na akajichunga, ni mke wa salama zaidi kuliko yule aliyefichwa akafa na kuacha watoto wachanga. Tena huenda akapimwa ikaonekana hakurithi kitu, na wasiwasi ukamwondokea yeye na watoto wake.

Na ajabu ni hii: nyumba inyamazayo haisalimiki na maneno. Watu wakiona vijana watatu wamekufa kwa tumbo na hawana sababu, huitafuta wenyewe. Husema ni husuda ya jirani, au mke wa pili amefanya mambo. Waganga huitwa, kuku huchinjwa kafara, pepo hupungwa, na jamaa hukatana kwa tuhuma isiyo na msingi. Jina la maradhi lingalisemwa mapema, uzushi huu usingepata pa kusimama.

Udhuru wa tatu ni kadari. Sisi twaiamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini Sayyidna Umar, r.a., alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirejea na watu wake; na Abu Ubaida alipomwuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa aitoka kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari Yake nyingine. Naye Mtume, katika hadithi ya Usama bin Sharik, ametuamrisha kujitibu. Aliyemwambia Umar kuwa mbele kuna tauni hakuonekana amepinga kadari. Alionekana ametekeleza amana.

Na sasa namna ya kusema, kwani neno la haki lisilo adabu huleta fitina.

Mgonjwa akiwa hai, habari ni amana yake. Aombwe idhini kwa upole, na bora azungumze mwenyewe. Naye aulize daktari kama afaa kupimwa jeni, kwa kuwa kipimo kikianzia kwake, jamaa hupata njia iliyo wazi zaidi. Akikataa asitajwe, jamaa waambiwe kwa kadiri ya kuondoa madhara tu: kuwa katika ukoo yamo maradhi ya utumbo, nao wakapimwe.

Wa kwanza kuambiwa ni wazazi, watoto na ndugu. Kisha ami na shangazi, au mjomba na mama mkubwa na mama mdogo, wa upande ule yanakodhaniwa kutoka. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali wasisahauliwe, hata kama nyumba hazipatani. Ama ndugu wa kunyonya, huyo ni haramu yako katika ndoa, lakini maziwa hayabebi maradhi haya.

Habari isisemwe juu ya jeneza, wala isirushwe katika makundi ya simu. Mtu aende kwa mkubwa wa ukoo, amsalimu na kumbusu mkono, amwambie: "Ami, nimekuja kwa jambo zito lakini lina kheri. Ndugu yangu alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, aligunduliwa na miaka 44. Daktari asema huenda ni ya ukoo. Hakusema ni hakika. Nataka wewe na watoto wako mkamwone daktari mkiwa wazima." Aseme "huenda" palipo na huenda. Asitie chumvi wala asipunguze. Na aandike katika karatasi jina la maradhi na umri wa mgonjwa, kwani daktari atayauliza hayo. Na mwenye kuona damu chooni asijiambie kuwa ni bawasiri mpaka aambiwe na mwenye kujua.

Najua watasema kipimo ni ghali. Ni ghali kweli kwa wengi wetu. Lakini twaona pilau ya hitima ikipikwa masufuria kwa masufuria, na wenye kula si mafukara. Lau ukoo ungezichanga fedha hizo ukawapima vijana wake, maiti angepata thawabu ya watoto wake waliobaki hai wakimwombea dua.

Ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzoni mwa Sura ya An-Nisaa tumche Yeye na tuuchunge ujamaa wa damu. Kuuchunga si kutembeleana Idi na kupelekeana sahani za futari peke yake. Kila nyumba na iulizane: baba alikufa kwa nini? Na bibi je? Mwenye jawabu asiondoke duniani nalo.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, na utupe ndimi zenye kusema kweli kwa upole. Amin.