Si Kila Maumivu ni Msalaba



Mimi nauza viatu Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ni kusimama toka asubuhi, na jioni miguu inawaka moto. Wiki iliyopita rafiki yangu akanivuta ghorofani kwa mama mmoja wa Kichina anayekanda nyayo. Nikalipa elfu ishirini ili nilie.

Sitanii. Alipokandamiza katikati ya unyayo kwa kifundo cha kidole, nilishika kiti kwa mikono miwili. Lakini ajabu, nilitaka aendelee. Uchungu ulipanda, ukafika mahali ukayeyuka, mwili wote ukalegea. Nilishuka ngazi kama mtu aliyeazimwa miguu mipya.

Nikajiuliza: mbona uchungu mwingine naukimbia, na huu nimeulipia?

Nikaanza kusoma. Kumbe hata padre amo kwenye habari hii! Padre Josef Eugster, mmisionari kutoka Uswisi, alikwenda Taiwan mwaka 1970. Magoti yakamsumbua sana. Akapewa kitabu kinachofundisha kukanda nyayo, akajaribu, akapata nafuu, kisha akawafundisha wengine. Leo njia yake inajulikana sana kule, na sifa yake mojawapo ni kuuma kwelikweli. Tuseme ukweli: sayansi haijathibitisha kwamba kubonyeza unyayo kunatibu figo au ini, kwa hiyo ukiumwa nenda hospitali. Ila nafuu ya miguu iliyochoka nimeionja mwenyewe.

Sasa, nini kilifanya uchungu ule uwe mtamu? Yule mama kila mara aliniuliza, "Inauma sana?" Nikisema ndiyo, anapunguza. Kisigino kilichochubuliwa na kiatu hakukigusa kabisa. Utamu haukutoka kwenye maumivu. Ulitoka kwenye kujua kwamba nikisema basi, itakuwa basi.

Hapo dhamiri ikanichoma. Miezi miwili nyuma mdogo wangu wa kike alinipigia simu analia. Mchumba wake amempiga. Vikao vya harusi vilishaanza, michango inaingia, na mimi niliogopa aibu. Nikamjibu, "Vumilia mdogo wangu, kila mtu ana msalaba wake." Nikajiona nimetoa ushauri wa Kikatoliki.

Yeye alisema basi. Akaongezewa.

Ndugu zangu, Kristo aliubeba msalaba wake kwa hiari, kwa upendo. Wagonjwa waliomlilia hakuwaambia wazoee, aliwaponya. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Salvifici Doloris ya mwaka 1984, alifundisha kwamba mateso yana thamani yakiunganishwa na ya Kristo. Lakini barua hiyohiyo inatupeleka kwa Msamaria Mwema, kwa sababu anayeteseka anahitaji mtu wa kusimama na kumwinua. Mimi nilipita upande wa pili wa barabara, tena nikiwa na rozari mfukoni.

Upo uchungu wa kuupokea: kuungama, kusema ukweli, kuomba msamaha. Huo unabonyeza penye ugonjwa, na ukiisha unatembea vizuri zaidi. Lakini ngumi ya mtu usiipake mafuta ukaiita msalaba.

Jumapili baada ya Misa nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia, "Nilikosea. Hukustahili kupigwa, na mimi sikustahili kukunyamazisha. Harusi si lazima." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, ungeniambia hivyo siku ile." Iliuma. Na hiyo ilikuwa haki yangu.

Sasa yuko nyumbani kwa mama. Michango tunarudisha.

Wewe je, kuna mtu uliyemwambia avumilie ili wewe usisumbuke? Mpigie leo.

Ee Yesu, uliyeinama kuosha miguu ya wanafunzi wako, utufundishe kugusa majeraha ya wenzetu kwa mkono unaojua kusimama. Amina.