Sayyidna Umar na Mvua ya Usambara

Mwaka ule mvua za vuli zilichelewa, na mahindi yaliyotangulizwa kupandwa katika miteremko ya Soni yakawa yamejikunja majani mchana kutwa, na hata ukungu, ambao kwetu milimani huingia asubuhi kama jirani asiyebisha hodi, ulikuwa umetususa wiki nyingi. Siku moja asubuhi tulitoka wazee kwa watoto wa chuoni tukakusanyika kiwanjani kusali sala ya kuombea mvua. Na imamu alipokuwa katika khutuba akageuza joho lake, nasi tukageuza nguo zetu kama ilivyo suna, hata wale waliovaa makoti kwa ajili ya baridi ya alfajiri wakasimama mifuko ikining'inia nje, mitupu, kila mtu akiiona ya mwenziwe.

Alasiri ya siku hiyo hiyo nilikuwa nikisomesha sira ya Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ndipo mzee mmoja, ambaye alisilimu akiwa mtu mzima na ambaye babu yake alikuwa katika wale waliopeleka kodi Vugha kwa mfalme wa Wasambaa, akanyosha mkono akauliza: "Mwalimu, Simba Mwene wa Vugha alikuwa na mvua. Huyo khalifa wako alikuwa na nini?"

Vijana walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile lilikuwa na mizizi mirefu kuliko walivyodhani. Wasambaa wa kale walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala wote: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu, na mizani ya maneno hayo ilikuwa ni mvua na shibe. Mfalme wa Kikilindi, ndiye huyo Simba Mwene, wa kizazi cha Mbega yule mwindaji aliyetoka Nguu akapokewa milimani kwa nyama ya nguruwe mwitu aliyowagawia watu, aliaminiwa kwamba anazo dawa za kuiita mvua na za kuizuia. Akipewa kodi yake kwa ukamilifu na akiwa hana mshindani, nguvu zake huinywesha nchi, bali wakiwapo wawili wanaoshindana, ndiyo hali waliyoiita nguvu kwa nguvu, kila mmoja huizuia mvua ya mwenziwe na raia hufa njaa kati yao.

Na mambo yaliyotokea yaliwathibitishia itikadi yao. Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimfikia Vugha mwaka 1848, alitawala kwa takriban nusu karne, na amri yake ikashuka kutoka milimani hata kukaribia Tanga na Pangani; lakini alipofariki mwaka 1862 na kiti kikamwangukia mjukuu wake Shekulwavu, Semboja, mwana wa Kimweri aliyekuwa Mazinde kwenye njia ya misafara ambako bunduki na baruti zilipatikana kwa wepesi, alimwondoa mpwawe kwa vita na kumkalisha Vugha mtoto wake mwenyewe. Wabondei wakaasi, mabwana wakapigana, na watu wa milimani wakatekwa na kuuzwa pwani kama mbuzi. Habari hizo tunazo kwa mkono wa Mwislamu mwenzetu, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyeishi katika mabaraza ya mabwana hao akaziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Na msomaji akikifunga kitabu kile hawezi kumwambia Msambaa kwamba alikosea kuona uhusiano baina ya ugomvi wa wakubwa na chungu kitupu cha mkewe. Alikosea katika sababu tu.

Sasa tumtazame mtu wetu. Umar bin Khattab alishika ukhalifa mwaka 13 wa Hijra hadi mwaka 23, ndiyo 634 hadi 644 kwa hesabu ya Miladi, na katika miaka hiyo kumi Sham, Misri na Iraki ziliingia chini ya mkono wake. Hulka yake ilikuwa ngumu. Alipoteuliwa na Sayyidna Abubakar walikuwapo masahaba walioogopa ukali wake, na hofu yao haikuwa ya bure, kwani alikuwa mtu wa sauti kubwa na fimbo ya karibu, aliyemwuzulu hata Khalid bin Walid, jemadari ambaye watu walianza kudhani kwamba ushindi unatoka katika upanga wake. Tusimpambe kwa upole asiokuwa nao. Jambo la ajabu katika tabia yake ni kwamba ukali ule, ambao kwa watawala wengi huwaangukia walio chini, kwake ulianza nyumbani, ukashika kwanza shingo ya mwenyewe na ya watoto wake.

Mwaka wa 18 wa Hijra mvua ilikatika Hijazi, upepo ukapeperusha mchanga mfano wa majivu, na kwa ajili hiyo mwaka ule ukaitwa mwaka wa Ramada, yaani wa majivu. Mabedui wakamiminika Madina. Umar akaapa kwamba hataonja samli wala nyama mpaka watu wapate uhai. Akala mkate kwa mafuta ya zeituni, hata rangi yake ikageuka na tumbo lake likawa likinguruma mbele za watu, naye hulipiga kwa kidole na kuliambia lingurume litakavyo, halina jingine ila hilo mpaka watu washibe. Siku moja sokoni kukaonekana kiriba cha samli na kingine cha maziwa, mtumishi wake akavinunua kwa dirhamu 40 akamletea kwa furaha. Umar akamwambia kwamba amevinunua kwa bei ghali, avitoe sadaka, kwani atajalije hali ya raia ikiwa yanayowagusa wao hayamgusi yeye?

Mtu mwenye akili atasema: mdomo mmoja uliofungwa haushibishi mji. Kweli. Lakini tumbo lile lililonguruma ndilo lililoamrisha mkono uandike. Barua zilikwenda kwa maamiri wa mbali, na Abu Ubaida akaja kutoka Sham na misafara ya ngamia waliobeba chakula. Masufuria yakapikia watu kwa maelfu, zaka ya mwaka ule ikaakhirishwa, na hukumu ya kukata mkono wa mwizi ikasimamishwa, kwa kuwa aliyeiba kwa njaa ana shubuha inayomkinga. Mtawala aliyeshiba angaliweza kuyajua hayo yote kwa kusimuliwa, na angaliyatenda baada ya mavuno.

Kisha akatoka kuomba mvua, na hapa nikamwambia mzee wangu asikilize vyema, kwa sababu hapa ndipo njia ya Madina na njia ya Vugha zinapoachana. Amirul-Muuminina, ambaye neno lake lilihamisha majeshi, alimshika mkono Abbas, ami yake Mtume, akamtanguliza mbele ya watu, akakiri mbele ya Mola wake kwamba walikuwa wakitawasali kwa Mtume nao wakinyweshewa, na leo wanatawasali kwa ami yake. Mwenye dola alisimama nyuma ya mzee asiye na jeshi, mikono mitupu kama mifuko yetu ya asubuhi ile. Hakudai kuwa na mvua. Kile ambacho Msambaa alikitaka kwa mfalme wake, yaani mwili wa mtawala ufungamane na hali ya nchi, Umar alikitimiza; ila alikifunga upande ambao mwanadamu anaweza kuufunga, upande wa njaa, na upande wa mawingu akauacha kwa Mola mwenyewe.

Mzee alinyamaza kitambo, akichora mchangani kwa ncha ya bakora. Kisha akauliza: "Na mwanawe, alitawala?"

Nikajua anamfikiri Semboja. Nikamwambia kwamba Umar alipochomwa jambia na Abu Lulua katika sala ya alfajiri, mwezi wa mfungo tatu mwaka 23, alikuwa na mtoto mwanachuoni, mchamungu, Abdallah, ambaye wengi wangaliridhika naye; naye akaacha shauri mikononi mwa masahaba sita, akaruhusu Abdallah ahudhurie mashauri yao, na akaharimisha asichaguliwe, akiona kwamba katika ukoo wa Khattab yatosha mtu mmoja kuulizwa siku ya Kiama. Jambo hilo kwangu ni zito kuliko kufunguliwa kwa Misri, kwa maana kuna watu wengi waliowahi kufunga matumbo yao, ila aliyeufunga mlango wa mtoto wake ni nadra, na sisi wa milima hii tunajua kwa damu gharama ya mlango ule ukiachwa wazi.

Wafalme wa Vugha hawapo tena. Machifu waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo hakuna wa kulaumiwa mawingu yakipita juu ya Lushoto bila kushuka. Walakini amana haikuondolewa pamoja nao. Iligawanyika tu, ikaangukia mwenye mizani ya mazao, mwenye ufunguo wa ghala, mwenyekiti wa kijiji, hata mimi mwenye daftari la michango ya msikiti.

Mwisho nikawaeleza habari ya deni. Akiwa kitandani na damu ikimtoka, Umar alimwamuru mwanawe ahesabu anachodaiwa, ikaonekana dirhamu 86,000 au karibu na hapo. Akausia zilipwe kwa mali ya jamaa zake, zisipotosha waombwe Banu Adi, kisha Makureshi, na wasivuke hapo. Mfalme wa nchi tatu akafa akidaiwa.

Mzee akajiinua kwa bakora yake, akakung'uta shuka ambayo bado ilikuwa nje ndani. "Mwalimu," akasema, "kama kufa na deni ndio ukhalifa, basi hata mimi nimeandikwa katika daftari la dukani." Darsa nzima ikacheka, naye akacheka pamoja nasi, kisha akasimama mlangoni kwa muda, akiwa amelielekea bonde na mawingu, na kabla ya kuondoka akarudi akaniomba nimsomee daftari la michango, jina kwa jina, hata mwisho.